Njiti wako: inkubeta, kangaroo ya wodini au kangaroo ya nyumbani?

Mwanangu wa pili alizaliwa njiti, yaani kabla ya wakati, wiki ya 31 ya mimba akiwa na gramu 1,420, na kitu cha kwanza mama mkwe alichouliza akiwa bado amesimama mlangoni ni "wamemuweka kwenye mashine?" Nikamwambia hapana mama, wamempa kangaroo, ile ya kumbeba ngozi kwa ngozi, huyu hapa kifuani. Akanyamaza, akatoka nje akampigia simu mume wangu atafute hela tuhamie hospitali yenye mashine. Hakuwa na nia mbaya, alikuwa anaogopa, na hofu hiyo naikuta karibu kila familia inayopata njiti, kwamba inkubeta ndo matibabu yenyewe na kangaroo ni ya wasio na hela. Afu sasa hivi wameibuka na wengine wanasema kinyume chake kabisa, kwamba mashine haina kazi, mbebe tu kifuani urudi zako nyumbani. Kauli zote mbili zinaumiza watoto.

Nimekaa nimeandika hapa ninachokijua, kwa ajili ya mzazi aliyeko wodini saa hizi au mwenye ndugu yake aliyeko wodini. Mimi sio daktari, ni mama niliyelala wodi ya njiti siku 23 na baada ya hapo nikawa narudi kukaa na wamama wapya, nikasoma tafiti na kuuliza sana. Mwenye kauli ya mwisho ni dokta anayemuona mtoto wako.

Vitu vya kuangalia kwanza

Usianze na swali la ipi bora. Anza na mtoto, angalia mambo matano.

La kwanza joto. Njiti ana mafuta machache sana chini ya ngozi, ngozi yenyewe nyembamba hadi mishipa unaiona, na mwili wake unatakiwa ubaki kati ya nyuzi 36.5 na 37.5. Akipoa, nguvu zote alizotakiwa kukulia anazimalizia kwenye kujipasha, sukari inashuka, anakuwa mlegevu, ananyonya vibaya, pumzi nayo inavurugika.

La pili pumzi. Mapafu hayajakomaa na ile sehemu ya ubongo inayosimamia pumzi nayo haijakomaa, ndo maana njiti anaweza kusahau kupumua, unamuona ametulia kumbe hewa haiingii. Hili ndilo linaloamua mambo mengi kuliko uzito.

La tatu maziwa, manake kunyonya, kumeza na kupumua kwa mpangilio huwa kunaanza kukaa sawa kuanzia kama wiki ya 34 ukihesabu na zile za tumboni, kabla ya hapo unakamua na mtoto analishwa kwa mpira au kikombe. La nne vijidudu. La tano ni watu na hela, yaani nani atambeba, nani atapika, nani yuko na mkubwa nyumbani, na mama mwenyewe hali yake ikoje.

Inkubeta

Wazo lake lilianzia kwenye vifaranga kweli. Miaka ya 1880 kule Paris daktari Stéphane Tarnier aliona mashine za kutotolesha vifaranga, akatengenezewa sanduku la aina hiyo la watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Za leo zina vipimo vya joto na unyevu, ila msingi ni uleule, sanduku lenye joto.

Kwa joto inafanya kazi vizuri sana ikiwa nzima na ikiwa na mtu wa kuiangalia. Kwa mtoto wa chini ya kilo moja kuna faida ya ziada, ule unyevu, manake ngozi yake inapoteza maji haraka mno. Udhaifu wake ni umeme. Nilikuwa namsindikiza dada yangu kwenye hospitali moja, umeme ukakatika usiku na jenereta haikuwaka, nikawaona manesi wawili wakiwatoa watoto kwenye masanduku mmoja mmoja na kuwagawa kwa wamama, "shika huyu, fungua nguo, weka kifuani", na kuna mama alibeba wake pamoja na wa mwenzake aliyekuwa bado chumba cha upasuaji. Hamna mtoto aliyefariki usiku ule.

Kwenye pumzi watu wengi wanachanganya. Inkubeta haipumulishi mtoto. Inampa joto tu. Kinachomsaidia kupumua ni oksijeni, ni sipapu inayosukuma hewa puani, ni monita inayopiga kelele oksijeni ya damu ikishuka, na nesi anayekimbia kelele hiyo ikisikika. Ila kwa mtoto anayeyumba kweli, inkubeta au kitanda chenye hita juu yake kinawapa nafasi, yuko wazi, wanaona kifua chote kinavyopanda na kushuka, wanamfikia haraka akihitaji kupuliziwa hewa. Hapo ndipo mashine inapostahili heshima yake.

Maziwa ni shida. Mama yuko wodi nyingine, anaitwa kila saa mbili au tatu aje akamue, mtoto hamgusi, na mwili usiomgusa mtoto huwa unachelewa kutoa maziwa, nimeona wamama wanakamua matone matatu wanalia. Vijidudu navyo, pale masanduku yasipotosha wanalazwa wawili hadi watatu kwenye moja, na akiumwa mmoja imetosha. Kwa upande wa watu, inkubeta inampa mama nafasi ya kulala, na kama alipata kifafa cha mimba au kidonda cha operesheni bado kibichi hicho sio kitu kidogo. Hela inategemea ulipo, kama hospitali yenu inatoza kwa siku muulize mhasibu mapema kabla hujashtukizwa na bili.

Inamfaa mtoto aliyeshindwa kupumua mwenyewe baada ya kuzaliwa, anayepata degedege, aliye mdogo sana, na yule ambaye kwa saa kadhaa hakuna kabisa mtu wa kumbeba.

Kangaroo ya wodini, ile ya mfululizo

Hii ya kusema ni ya maskini ina historia yake. Mwaka 1978 kule Bogotá, Colombia, daktari Edgar Rey Sanabria alikuwa na wodi iliyojaa, mashine hazitoshi, watoto wanalala kwa kubanana na wanakufa kwa maambukizi, akaanza kuwaweka vifuani mwa mama zao. Kwahiyo ni kweli ilianza kwa sababu ya uhaba. Ila kilichoanza kwa uhaba kimepimwa tangu hapo, na kimepimwa hapa kwetu pia.

Utafiti ninaotaka kila bibi na kila baba aujue ni ule wa Shirika la Afya Duniani uliotoka 2021. Ulifanyika kwenye hospitali tano, za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, na ya Tanzania ni Muhimbili. Walichukua watoto 3,211 waliozaliwa na uzito kuanzia kilo 1 hadi chini kidogo ya kilo 1.8. Nusu waliwekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, nusu wakakaa kwanza kwenye inkubeta au chini ya hita mpaka hali itulie ndo wakapewa kangaroo, utaratibu uliozoeleka. Ndani ya siku 28, kwa walioanza kifuani walifariki asilimia 12.0, kwa walioanza kwenye mashine asilimia 15.7. Kamati iliyokuwa inasimamia usalama ikaona tofauti hiyo, utafiti ukasimamishwa kabla ya wakati manake haikuwa haki tena kuwanyima wale wengine. Ukipiga hesabu ni kama kila watoto 27 waliowekwa kifuani mapema, mmoja zaidi alibaki hai. Nilipoisoma namba hiyo nilikaa nikaihesabu wodi yetu, vitanda vilikuwa 24.

Angalia lakini nini kililinganishwa. Haikuwa kifua bila hospitali. Wamama walikuwa wamelazwa ndani ya wodi ya watoto mahututi pamoja na watoto wao, oksijeni na sipapu zipo, dripu zipo, nesi yupo, mtoto anatibiwa akiwa kifuani. Na wale walioshindwa kupumua wenyewe saa moja baada ya kuzaliwa hawakuingizwa kwenye utafiti. Anayekwambia utafiti umesema mashine hazihitajiki hajausoma.

Kuna mwingine wa Uganda, unaitwa OMWaNA, ulitoka 2024, wenyewe ulichukua watoto wa kilo 2 kushuka chini ambao hali zao zilikuwa bado hazijatulia, kwenye hospitali tano za serikali. Hapo hawakuona tofauti ya vifo ndani ya siku 7 za mwanzo kati ya kangaroo na utaratibu wa kawaida. Naona ni vizuri kuujua huu pia. Unatuambia kwamba kwa mtoto anayeyumba, kifua hakikumdhuru lakini hakikufuta hatari yake, bado anahitaji kila kitu kingine.

Haya, turudi kwenye yale matano. Joto la kifua cha mama halikatiki na Luku, na kwenye ule utafiti wa 2021 watoto waliopoa walikuwa wachache zaidi upande wa kangaroo, asilimia 5.6 dhidi ya 8.3. Ila mkao lazima uwe sawa. Mtoto anakaa wima katikati ya matiti, uchi kasoro pampasi, kofia na soksi, ngozi kwa ngozi. Miguu imekunjwa kama ya chura. Kichwa kimegeuzwa pembeni na kidevu kimeinuliwa kidogo, sio kimeangukia kifuani, manake shingo ikijikunja njia ya hewa inaziba. Kitambaa kinafungwa hadi usawa wa chini ya sikio, kikaze kiasi kwamba ukisimama hatelezi. Mimi nilipewa kitambaa cha kuvutika cha wodini, kikaenda kufuliwa, nikatumia kanga mbili, moja chini ya makalio yake na moja mgongoni, nesi akaja akavuta fundo, akapitisha vidole viwili shingoni kwa mtoto, akaondoka bila kusema kitu. Hapo nikajua nimepatia.

Pumzi, mama anakuwa monita. Ukiwa umembeba unaisikia pumzi yake ikisimama kabla ya mtu yeyote, unamsugua mgongo anaanza tena. Ila usingizi ukikuchukua hamna anayesikia, kwahiyo kwa anayesahau kupumua mara kwa mara omba kipimo cha oksijeni kiwe kidoleni au mguuni kwake hata akiwa kifuani. Maziwa, hapa hakuna ubishi, yanakuja. Mimi yalinianza siku ya nne nikiwa nimembeba, blauzi ikalowa. Vijidudu, kwenye utafiti huohuo walioshukiwa kupata maambukizi ya damu walikuwa asilimia 22.9 kwa kangaroo na 27.8 kwa wengine.

Sasa watu. Hapa ndo pagumu na hapasemwi. Kwenye ule utafiti mtoto alikaa kifuani kama saa 17 kwa siku, na Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa 2022 linasema saa 8 hadi 24. Saa 17 maana yake hulali vizuri, unakula umembeba, mgongo unauma, joto la Dar unajua lilivyo, na ukienda kuoga unaoga mbio kama mwizi. Haiwezekani mtu mmoja. Baba anaweza kubeba, kifua chake kina joto lilelile, bibi anaweza, shangazi anaweza, na kwenye ule utafiti familia zilichagua mtu wa kumpokea mama. Wodi zetu nyingi zinazuia wanaume kuingia, hapo ongea na mkuu wa wodi, angalau bibi aruhusiwe. Mama mkwe wangu yuleyule aliyetaka tuhame, siku ya sita nilipandisha homa, nesi akamfunga yeye mtoto. Alikaa saa tano hajasogea, hata maji alikataa, na aliposhuka kitandani akasema "anapumua kama kifaranga huyu". Tangu siku hiyo akawa anakuja na shifti yake.

Inamfaa njiti wengi wa kuanzia kilo moja wanaopumua wenyewe, hata kama wana dripu, mpira wa kulishia au oksijeni ya puani, ilimradi wodi ina manesi wanaojua na familia ina watu wa kupokezana.

Kangaroo ya nyumbani

Kuna mbili hapa. Kuna ya kuendelea baada ya kuruhusiwa, ambayo kila njiti anaihitaji, na kuna ya kuanzia nyumbani, kwa mtoto mdogo lakini mzima ambaye hakulazwa kabisa.

Hiyo ya pili imepimwa India, jimbo la Haryana, watoto zaidi ya 8,000 wenye uzito wa gramu 1,500 hadi 2,250, wahudumu wakawa wanawatembelea majumbani kuwafundisha wamama, matokeo yakatoka 2019, vifo vya siku 28 za mwanzo vilipungua kwa asilimia 30. Neno la kushika hapo ni wahudumu kutembelea. Mama hakuachwa peke yake na kanga yake.

Joto ni sawa na wodini kama mkao ni sawa, ila nyumbani watu wanaacha mapema, wageni wanakuja kila mtu anataka kushika, mtoto anavuliwa anavalishwa. Usimuogeshe ovyo, mfute. Pumzi, hapa huna oksijeni wala nesi, kwahiyo mtoto ambaye bado anasahau kupumua hajafika nyumbani bado, hata kama umechoka na wodi. Maziwa yanaenda vizuri ukiwa na saa, manake njiti halii njaa kama mtoto mwingine, analala tu, lazima umuamshe kila saa mbili au tatu usiku na mchana. Vijidudu vya hospitali unavikwepa, vya nyumbani vinaingia kwa mikono na kwa mafua ya wageni. Watu na hela, unakula chakula chako na uko na wanao, ila ukikosa msaidizi kazi za ndani zinakurudia siku hiyohiyo na kangaroo inakufa kimyakimya. Nauli ya kurudi kliniki kupima uzito iweke pembeni kabla hujaruhusiwa.

Inamfaa anayenyonya au kumeza vizuri kwa kikombe, anayeongezeka uzito siku kadhaa mfululizo, ambaye joto limetulia, na mnaokaa mahali ambapo mnaweza kufika hospitali hata usiku. Unaendelea mpaka afike kama kilo 2.5 au atimize wiki 40 ukihesabu na zile za tumboni, mwenyewe atakuonyesha, anaanza kujinyonganyonga na kutoka jasho anataka atoke.

Na jiko la mkaa au chupa za maji moto

Naviweka hapa kwa sababu ndo vitu vya kwanza bibi anavyovileta. Jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa linatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, inaua mtoto na mama. Chupa ya maji moto inaunguza ngozi ya njiti, na ikipoa inamnyonya joto. Hivi sio chaguo la nne.

Kwahiyo wewe uko wapi?

Kama mtoto anavuta kwa shida, mbavu zinaingia ndani, amebadilika rangi au ana degedege, usibishane na dokta kuhusu kangaroo, muache atibiwe akiwa wazi, wewe kamua maziwa, na kila siku uliza swali hili, "leo anaweza kuja kifuani hata kwa saa moja?"

Kama anapumua mwenyewe, ana kilo 1.4 au 1.6, na ndugu wanakushinikiza umhamishe kisa mashine, waonyeshe zile namba za 2021. Safari yenyewe ya kwenye gari ndiyo inayopoza watoto, na kama kuhama kuna sababu ya kweli, kwa mfano hapo mlipo hakuna oksijeni, basi asafiri akiwa amefungwa kifuani kwa mtu.

Kama umefanyiwa operesheni au unaumwa, mtu mwingine aanze, wewe utapokea. Hujamtupa mtoto.

Kama ni mapacha, wawili wanakaa kifuani pamoja au mnagawana na baba, nimeona wodi yetu mapacha wa kilo 1.5 na 1.7 wamefungwa kitenge kimoja.

Kama uko peke yako kabisa, huna ndugu mjini, sema mapema kwa nesi. Mtoto akae inkubeta zile saa unazolala, akae kwako zile saa uko macho, saa nane kwa siku bado zina maana.

Kama hospitali inataka kukuruhusu na unaona bado, muulize nesi ampime joto na uzito mbele yako, umlishe yeye akiangalia, umfunge yeye akiangalia. Kisha uondoke na namba ya simu ya wodi. Na ukifika nyumbani ukaona amekataa kunyonya, miguu ya baridi hata akiwa kifuani, anapumua mara 60 au zaidi kwa dakika, manjano yamefika viganja na nyayo, au pumzi imesimama ukalazimika kumsugua ili aendelee, mfunge kifuani, chukua bodaboda, bajaji, chochote kilicho karibu, mrudi usiku huohuo.